Kazi ya Mikono: Chuma cha beto kisilale chini

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia mu beto yenye vyuma. Hatutazungumza juu ya hesabu ya vyuma vya kununua, kwa maana ile kila mutu anaiuliza ku duka. Tunataka kusema vyuma vinakaa wapi ndani ya beto, na ni kitu gani kinavishika visitoke pale.

Mutu anayejenga anatoa mishahara ya miezi mingi kwa kununua vyuma. Anavihesabu ku duka, anavihesabu tena ku parsele, na usiku anavilaza ndani ya nyumba juu ya wezi. Halafu inafika siku ya kumwanga beto. Vyuma vyote vinalala chini juu ya mbao za kofraje, beto inavifunika, na hakuna anayesema neno. Vyuma viko, franka zimetoka, lakini ile nguvu tuliyoilipia haiko. Na zaidi, hakuna mutu atakayeiona ile kosa, kwa maana beto imekwisha kuifunika. Itaonekana kisha miaka, ao siku mbaya.

Kazi ya chuma ni nini?

Beto ni kama jiwe. Ukiikandamiza inavumilia sana. Ukiivuta inapasuka haraka: nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Chuma kinatiwa pale beto inapovutwa, kisaidie pale beto haiwezi. Kikikaa pahali pengine, kinakuwa muzigo tu.

Vijana, mufanye jaribio hili nyumbani. Mukate kipande kirefu cha godoro la sponji, na muchore mistari ya kusimama ku ubavu wake. Mukiweke juu ya matofali mawili, tofali moja kila upande, na musukume katikati kwa mukono. Muangalie mistari: upande wa chini inaachana, upande wa juu inakaribiana. Ni hivi dale iliyowekwa juu ya kuta mbili inafanya, na linto ya mulango vilevile. Inavutwa chini, basi vyuma vyake vinakaa karibu na chini.

Sasa mushike sponji upande mmoja tu, mukandamize pale kwa tofali, na ule upande mwingine ubaki hewani. Musukume ncha ya hewani. Mistari ya juu ndiyo inaachana! Hii ni balkoni. Ni vile vile paa dogo la beto linalotoka juu ya mulango bila nguzo. Vyuma vyake vya nguvu vinakaa juu, si chini.

Watu walianza kujifunza mambo haya zamani. Mu Ufaransa, Joseph Monier, mutu wa kulima bustani, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1867 juu ya vyombo vya kupandia miti vilivyofanywa kwa simenti na chuma. Mwaka 1892 François Hennebique alipata hati juu ya mutindo wake wa kujenga kwa beto, wenye vyuma vya kubeba na vingine vya kusimama vinavyovikumbatia, sawa zile etrie tunazokunja leo. Tangu wakati ule kila fundi anajua kwamba pahali pa chuma ni sehemu ya hesabu, sawasawa na unene wake.

Balkoni: sentimetre 4 tu

Tuchukue balkoni yenye unene wa sentimetre 12. Injenieri ameandika vyuma vya milimetre 10 vikae juu, vifunikwe na sentimetre 2.5 za beto. Kutoka katikati ya chuma mpaka chini ya dale ni sentimetre 9. Ile 9 ndiyo hesabu yote imejengwa juu yake.

Siku ya kumwanga, watu wa burueti wanapita juu ya vyuma. Havina kitu cha kuvishika, vinashuka sentimetre 4. Nani ataona? Lakini ile 9 imekuwa 5, na nguvu ya balkoni imebaki karibu nusu. Vikishuka mpaka ku mbao, balkoni imebaki kama haina chuma. Inaweza kuanguka siku ya kutoa mbao, ao siku ya sherehe wakati watu wengi wanasimama juu yake kuangalia inje. Na ufa unatokea upande wa juu karibu na ukuta, pale ambapo karo ao simenti ya kulainisha inauficha. Kwa hiyo mwenye nyumba hapati onyo.

Hatari nyingine iko ku linto na ku vifuniko vya fose vinavyomwangwa chini, kisha vinabebwa na kuwekwa pahali pake. Vyuma viko karibu na upande mmoja. Mukikigeuza kifuniko, vyuma vinapanda juu na upande wa chini unabaki bila musaada. Watoto wanapenda sana kucheza juu ya kifuniko cha fose. Basi, mbele beto haijakauka, chukua musumari na uandike upande wa juu neno JUU. Kazi ya nusu dakika.

Beto ni koti la chuma

Kuko sababu ya pili ya kuinua chuma. Simenti ndani ya beto inafanya chuma kisipate kutu, hata kama kuna maji kidogo. Lakini hewa inaingia polepole ndani ya beto, mwaka kwa mwaka, na pale inapofika, ile ulinzi inakwisha. Unene wa beto juu ya chuma ndio koti lake. Na mujue neno hili: ukipunguza koti nusu, wakati wa ulinzi haupungui nusu, unabaki karibu robo.

Chuma kikianza kutu, kinavimba. Kutu inataka nafasi mara mbili ya chuma na zaidi. Haina pahali pa kwenda, inasukuma beto mpaka inapasuka na kuanguka vipandevipande. Mumekwisha kuona zile nyumba ambamo chini ya dale vyuma viko uchi, vyekundu, sawa mbavu za mbuzi mwenye njaa. Mara nyingi ni vyuma vilivyolala ku mbao siku ya kumwanga.

Kwa nyumba za kawaida, vipimo hivi vinasaidia:
– Dale ndani ya nyumba: sentimetre 2 mpaka 2.5.
– Pahali mvua inapiga, na poto za inje: sentimetre 3 mpaka 4.
– Kifuniko cha fose: sentimetre 4, kwa maana hewa chafu ya fose inakula beto kutoka chini.
– Musingi, kama mumemwanga kwanza beto nyembamba ya kusafisha chini: sentimetre 5. Kama beto inagusa udongo wenyewe: sentimetre 7.5.

Vipimo hivi vinaanzia ku chuma cha inje kabisa. Kama etrie ndiyo iko inje, pima kutoka ku etrie.

Tubeto: namna ya kuvifanya

Ku duka za miji mikubwa kuko vya plastiki. Lakini kila mutu anaweza kufanya tubeto twake ku parsele, na twa simenti tunashikana vizuri na beto.

1. Piga mbao mbili nyembamba zenye unene unaotaka, tuseme sentimetre 2.5, juu ya karatasi ya plastiki, ziachane sentimetre 5.
2. Changa simenti kipimo kimoja na muchanga safi vipimo viwili. Maji yawe kidogo. Kabeto kasiwe zaifu kuliko beto yenyewe.
3. Jaza katikati ya mbao, kandamiza, sawazisha. Kata kila sentimetre 5 kwa kisu.
4. Mu kila kabeto ingiza waya laini ya kufungia iliyokunjwa mara mbili, ncha zake mbili zitoke juu. Ni hizi zitafunga kabeto ku chuma.
5. Kesho yake weka twote mu maji, ao funika na magunia yenye maji, siku 7.

Sasa tuhesabu. Dale ya metre 4 kwa metre 3 yenye vyuma vya milimetre 10 inataka tubeto karibu 60. Zote pamoja hazifiki litri 4 za udongo wa simenti, maana yake chini ya nusu ya ndoo ya litri 10. Simenti inayoingia ni karibu kilo 3. Na dale ile ile, ikiwa na unene wa sentimetre 12 na kilo 350 za simenti kwa metre kibe moja, inakula karibu mifuko 10 ya kilo 50. Ni kilo 3 mbele ya kilo 500. Kwa hiyo asiseme mutu kwamba alikosa franka za tubeto. Alikosa kufikiri mbele siku 7.

Nafasi kati ya kabeto na kabeto: chukua unene wa chuma mara 50. Chuma cha milimetre 8, kila sentimetre 40. Cha 10, kila sentimetre 50. Cha 12, kila sentimetre 60. Chuma chembamba kinalegea haraka, ndiyo sababu kinataka tubeto twingi. Wala musipite metre 1 hata chuma kikiwa kinene. Tusikae mu mustari mmoja, tupishane.

Vitu visivyofaa

Watu wanatafuta njia fupi. Tuangalie moja moja.

Jiwe la mviringo: linateleza watu wakitembea, chuma kinaanguka. Kipande cha mbao: kinavimba, kisha kinaoza ao muchwa unakikula, na kinaacha tundu linalopeleka maji mpaka ku chuma. Kipande cha tofali la kuchoma: kinakunywa maji na kuyachunga pembeni ya chuma. Kipande cha chuma kinachogusa kofraje: kitapata kutu kwa inje, na ile kutu itafuata njia mpaka ndani. Zote ni rahisi kupata, na kwa sababu hiyo zinaonekana ku kazi nyingi.

Viti vya vyuma vya juu

Tubeto tunashika vyuma vya chini. Vyuma vya juu, vile vya balkoni na vile vinavyopita juu ya kuta za katikati, vinataka viti. Kiti kinakunjwa kwa chuma cha milimetre 8 ao 10: mugongo juu, miguu miwili kila upande, na ncha za miguu zinakunjwa zilale. Miguu inasimama juu ya vyuma vya chini vilivyokwisha kupata tubeto, ao juu ya tubeto twenyewe. Isiguse mbao za kofraje. Pima urefu wake vizuri: mu dale ya sentimetre 12, kiti kirefu sana kitapandisha chuma mpaka kitoke juu ya beto, na kifupi kitakirudisha mu hatari tuliyoisema. Weka viti karibukaribu, mutu mukubwa akisimama juu ya vyuma visiiname. Hii ndiyo njia rahisi ya kujaribu: simama.

Chuma na chuma: mbali ya namna gani?

Mupango wa injenieri ukisema kila sentimetre 15, mutu asipime kwa macho. Kata fimbo ya sentimetre 15, ao chora alama za chaki ku mbao. Mu upana wa metre 3 kuko nafasi 20, basi vyuma 21. Mwenye nyumba anaweza kuhesabu mwenyewe, hata kama hajasoma kazi ya ujenzi.

Vikiachana sana, beto ya katikati inabaki peke yake na ufa unafunguka. Vikikaribiana sana, gravie haipiti: inakwama juu, na chini kunabaki mashimo ambayo mafundi wanayaita viota. Kama gravie yenu kubwa iko na sentimetre 2, acheni wazi sentimetre 2.5 ao zaidi kati ya chuma na chuma. Pale vyuma viwili vinapounganishwa, vipitane mara 50 ya unene wao: sentimetre 50 kwa chuma cha 10. Na maunganisho yasikae yote mu mustari mmoja.

Waya ya kufungia haiongezi nguvu ya dale, kazi yake ni kuchunga nafasi mpaka beto ishike. Fungeni makutano yote ya pembeni, na katikati mufunge moja, muache moja. Ncha za waya mukunje ndani. Zikigusa kofraje, zitaleta alama za kutu.

Mu poto, funga tubeto ku etrie, pande zote nne, kila metre 1 ya urefu ao chini yake. Watu wengi wanatia upande mmoja tu, halafu kitanda cha vyuma kinaegemea ule mwingine. Etrie zisiachane zaidi ya mara 15 ya chuma cha kusimama chembamba kuliko vyote: kwa chuma cha 12, sentimetre 18. Vyuma hivi vinasimama wima, lakini vinaweza kuinama inje kama hakuna etrie ya kuvikumbatia. Ndoano za etrie zikunjwe ziingie ndani ya poto.

Siku ya kumwanga

Mara nyingi baba mwenye nyumba iko chini ya ardhi ao ku usine ile siku, na mama ndiye anabaki na mafundi. Mazungumuzo yanakuwa hivi:

– Baba fundi, hivi vyuma vinalala ku mbao. Tubeto tuko wapi?

– Mama, usikuwe na wasiwasi. Wakati tunamwanga tutavivuta juu na ndoano. Ni vile tunafanyaka siku zote.

– Mukivivuta, nani atavishika pale juu?

– Beto yenyewe itavishika, mama.

– Beto ingali maji. Mutu wa burueti akipita nyuma yenu na kukanyaga, si vitarudi chini?

– Anaweza kukanyaga, ndiyo. Lakini mama, bantu kumi ya kumwanga beko hapa. Utabalipa siku ya bure?

– Nitabalipa nusu siku, baba fundi. Tutafanya tubeto leo, na juma lijalo mutarudi. Ile dale watoto yangu batalala chini yake.

Huyu mama hakumutukana fundi, wala hakujifanya injenieri. Aliuliza swali moja tu: nani atavishika? Ni swali zuri, kwa sababu ile desturi ya kuvuta vyuma na ndoano haina jibu lake. Chuma kinapanda pale ndoano inapokishika, na kinashuka tena mbele fundi hajafika metre ya pili.

Na mafundi wengi wanajua kazi hii sawasawa. Wanaiacha kwa sababu mwenye nyumba anawasukuma wamalize haraka, ao anakataa kuwapa kilo 3 za simenti. Kosa si la fundi peke yake. Mukipatana bei, mupatane pia juu ya tubeto na viti, na tubeto tumwangwe siku ile ile mafundi wanapoanza kukunja vyuma. Kama simenti inapaswa kungojea, mifuko ikae juu ya mbao, mbali na udongo na ukuta, chini ya paa.

Mbele ndoo ya kwanza haijamwangwa, zungukeni pamoja na fundi na muulizane:
– Je, kila chuma cha chini kiko juu ya tubeto, na hakuna kinachogusa mbao?
– Je, vyuma vya juu viko juu ya viti, na mutu akisimama haviinami?
– Je, tumehesabu vyuma, na nafasi ziko sawa?
– Je, mbao za kupitia burueti zina miguu yake, hazilali juu ya vyuma?
– Je, kuko mutu mmoja ambaye kazi yake ni kufuata nyuma ya wamwangaji na kurudisha chuma kinachohama?

Neno la mwisho, na ni la lazima. Vipimo vya ukurasa huu vinasaidia kuchunga kazi, havichukui nafasi ya hesabu. Kwa balkoni, nyumba ya gorofa, ao tanki la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, unene wa chuma na pahali pake vinaamuliwa na injenieri aliyeona udongo na kupima urefu. Mukatie karatasi yake ku ukuta wa kazi, wote waione.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya maji ya kumwagilia beto: siku ngapi, saa gani, na sababu gani dale za wakati wa jua kali zinapasuka mbele nyumba haijapata paa. Kazi njema kwenu wote.